Sheria ya Makosa Matatu: Jinsi California ilivyowalenga wauaji ikawanasa wezi wa kanda za video

MACHI 7, 1994, Gavana wa Jimbo la California nchini Marekani, Bw. Pete Wilson, alitia saini sheria ambayo hadi leo hutajwa miongoni mwa mifano ya kwanza kila unapozuka mjadala wa kuwaongezea adhabu wahalifu wanaotumia nguvu. Wamarekani waliipa jina lililotokana na mchezo wa besiboli, ambamo mchezaji akiukosa mpira mara tatu hutolewa. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita Sheria ya Makosa Matatu.

Ilikuwa rahisi kuieleza jukwaani. Mtu aliyewahi kutiwa hatiani mara mbili kwa makosa mazito au ya kutumia nguvu, akikamatwa mara ya tatu, afungwe kifungo cha kuanzia miaka 25 hadi maisha, wala asifikiriwe kuachiwa kabla ya miaka 25 kwisha. Wananchi waliahidiwa kwamba watakaofungiwa milango ni wauaji, wabakaji na watekaji wa watoto.

Haikupita miaka mingi kabla ya kuonekana, ndani ya milango hiyo hiyo, mtu aliyeiba kanda tisa za video dukani na mwingine aliyeficha fimbo za gofu ndani ya suruali. Hawakufika huko kwa bahati mbaya, wala kwa ukali wa jaji mmoja. Walifikishwa na maneno machache yaliyokuwamo katika sheria tangu siku ya kwanza, na wapo waliotahadharisha mapema kwamba maneno hayo yangeleta matokeo hayo.

Kwanza, ufafanuzi kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Marekani haina kanuni moja ya adhabu kwa nchi nzima. Kila moja ya majimbo yake 50 lina bunge lake, mahakama zake na magereza yake, na makosa kama mauaji, ubakaji na unyang'anyi kwa kawaida huhukumiwa kwa sheria ya jimbo. Serikali ya shirikisho ina sheria zake za jinai, lakini wafungwa walio wengi nchini humo ni wa majimbo. Hivyo ndivyo inavyowezekana kosa lile lile likamfunga mtu miaka mitatu upande mmoja wa mpaka na maisha upande wa pili.

Adhabu ambazo jaji haruhusiwi kuzipunguza si ngeni kwetu. Tanzania ina sheria ya mwaka 1972 iliyoweka viwango vya chini vya adhabu, na anayetiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha hufungwa si chini ya miaka 30. Lakini miaka 30 hiyo hupimwa kwa kosa alilolitenda mshitakiwa. California iliongeza kipimo kingine, yaani historia ya mtu. Kosa la leo likawa ufunguo tu, na uzito wa adhabu ukatokana na yaliyopita.

Chimbuko la sheria hiyo ni msiba uliotokea mjini Fresno mwishoni mwa Juni 1992. Msichana wa miaka 18, Kimber Reynolds, alikuwa akitoka mkahawani pale vijana wawili waliokuwa juu ya pikipiki walipojaribu kumpora mkoba. Mmoja wao alimpiga risasi ya kichwa. Mwuaji huyo alikufa muda mfupi baadaye katika mapambano na polisi. Mwenzake alifikishwa mahakamani, akakiri, akahukumiwa miaka tisa, na kwa kanuni za wakati ule angeweza kutoka baada ya kutumikia takriban nusu yake.

Baba wa marehemu, Bw. Mike Reynolds, alikuwa mpiga picha za harusi. Hakuwa mwanasiasa wala mwanasheria. Aliwakusanya nyumbani kwake watu wenye ujuzi wa sheria, wakiwamo majaji, wakaandika rasimu. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wachache hufanya sehemu kubwa ya uhalifu, na kwamba mfumo uliowatoa baada ya nusu ya kifungo ulikuwa ukiwarudisha mtaani kutafuta mtu wa kudhuru. Ni vigumu kumlaumu mzazi aliyefikwa na msiba ule kwa kufikiri hivyo.

Muswada wake uliwasilishwa katika Bunge la jimbo mwaka 1993 na ukaangushwa katika kamati. Bw. Reynolds akageukia njia nyingine ambayo Katiba ya California inairuhusu: raia wakikusanya saini za kutosha, pendekezo lao hupelekwa moja kwa moja kwa wapiga kura, nao wakilikubali huwa sheria. Ukusanyaji wa saini ulikwenda polepole mpaka Oktoba mwaka ule.

Usiku wa Oktoba 1, 1993, katika mji mdogo wa Petaluma, mtoto wa miaka 12, Polly Klaas, alitekwa nyara kutoka chumbani mwake akiwa na rafiki zake wawili waliokuja kulala kwao. Picha yake ilienea nchi nzima. Mwili wake ulipatikana Desemba. Aliyemuua, Richard Allen Davis, alikuwa na rekodi ndefu ya utekaji na uvamizi, na alikuwa ameachiwa Juni mwaka huo huo baada ya kutumikia nusu ya kifungo cha miaka 16. Mwaka 1996 alihukumiwa kifo.

Kuanzia hapo hapakuwa na wa kuuzuia muswada. Saini zilimiminika. Mwaka 1994 ulikuwa wa uchaguzi, na hakuna mwanasiasa wa chama chochote aliyetaka kuonekana analegeza kamba kwa watu wa aina ya Davis.

Hata hivyo, kuna sehemu ya historia hii ambayo mara nyingi husahauliwa. Mbele ya Bunge la California mwanzoni mwa 1994 kulikuwa na miswada zaidi ya mmoja juu ya jambo hilo. Mmojawapo, ulioletwa na mbunge Richard Rainey, aliyekuwa mkuu wa polisi wa wilaya kabla ya kuingia siasa, ulilenga adhabu kubwa kwa wahalifu wanaotumia nguvu na ukawaacha nje wezi wadogo. Chama cha waendesha mashitaka wa wilaya za jimbo hilo kiliuunga mkono. Na aliyeuunga mkono pia alikuwa baba wa Polly, Bw. Marc Klaas.

Bw. Klaas alikuwa ameanza upande wa Bw. Reynolds. Alipousoma muswada kwa makini alijitoa. Hoja iliyotolewa na familia yake ilikuwa kwamba kuibiwa redio ya gari na kuuliwa mtoto si jambo moja, na sheria isiyojua tofauti hiyo haipaswi kupitishwa kwa jina la mtoto wao. Basi mjadala ule ukawa na wababa wawili, kila mmoja amemzika binti yake, wakivutana juu ya fungu moja la maneno. Gavana Wilson alichukua upande wa muswada mkali zaidi, Bunge likaupitisha kwa kura nyingi, na Novemba ya mwaka huo wapiga kura wakauthibitisha katika Pendekezo Namba 184 kwa takriban asilimia 72.

Maneno yaliyobishaniwa yalikuwa haya. Sheria za California hugawa jinai katika makosa madogo na makosa makubwa. Ndani ya makosa makubwa kuna orodha mbili maalumu, moja ya makosa yanayoitwa ya kutumia nguvu na nyingine ya makosa yanayoitwa mazito. Kuvunja nyumba inayokaliwa ili kuiba, kwa mfano, ni kosa zito hata kama mwizi hakukutana na mtu.

Ili mtu ahesabiwe kosa la kwanza na la pili, ilibidi makosa hayo yawe katika mojawapo ya orodha hizo. Lakini kwa kosa la tatu, lile linalofunga maisha, sheria haikudai orodha yoyote. Ilisema kosa kubwa lolote la jinai. Kupatikana na dawa za kulevya kidogo kulitosha. Kughushi hundi kulitosha.

Ikazidi. Yapo makosa ambayo mwendesha mashitaka anaweza kuyafungulia kama madogo au makubwa, apendavyo. Kuiba kitu kidogo dukani kwa mtu aliyewahi kufungwa kwa wizi lilikuwa mojawapo. Kwa hiyo mshitakiwa aliyestahili miezi michache katika jela ya wilaya aliweza, kwa kalamu ya afisa mmoja, kugeuka mtu wa maisha.

Tena makosa ya zamani hayakuwa na umri. Lililotendwa miaka 20 nyuma lilihesabika sawa na la mwaka jana. Lililotendwa jimbo jingine lilihesabika. Baadhi ya yale aliyoyafanya mtu akiwa kijana wa miaka 16 au 17 yalihesabika. Mashitaka mawili ya siku moja yaliyosikilizwa katika kesi moja yaliweza kuhesabiwa mawili. Na mwenye kosa moja tu la zamani akikamatwa kwa kosa jipya kubwa, adhabu yake ilizidishwa mara mbili, naye akatakiwa kutumikia angalau asilimia 80 yake.

Ni haki kusema kwamba California haikuwa peke yake. Jimbo la Washington lilitangulia Novemba 1993, pale wapiga kura wake walipokubali sheria ya jina hilo hilo kwa takriban robo tatu ya kura. Georgia ilikwenda mbali zaidi kwa kuwawekea baadhi ya wahalifu makosa mawili badala ya matatu. Rais Bill Clinton alisaini sheria ya shirikisho Septemba 13, 1994, ambayo pamoja na mambo mengine ilitoa fedha za kujenga magereza kwa majimbo yatakayohakikisha wahalifu wanaotumia nguvu wanatumikia si chini ya asilimia 85 ya vifungo vyao. Kati ya 1993 na 1995 majimbo 24 na serikali ya shirikisho walipitisha sheria za namna hii.

Tofauti ilikuwa katika matumizi. Washington ilidai makosa yote matatu yawe katika orodha ya makosa mazito zaidi, na majimbo mengi yaliyofuata yalifanya hivyo kwa namna moja au nyingine, hata sheria zao zikawanasa watu wachache. Mlango mpana wa California uliingiza maelfu. Ofisi ya wataalamu wa Bunge la jimbo hilo ilieleza katika ripoti ya mwaka 2005 kwamba hadi mwisho wa 2004 wafungwa karibu 43,000, yaani takriban asilimia 26 ya wafungwa wote wa jimbo, walikuwa wakitumikia adhabu chini ya sheria hii. Kati yao zaidi ya 35,000 walikuwa wa kosa la pili na kama 7,500 wa kosa la tatu. Wamarekani weusi, ambao hawakufika hata mmoja kwa kila wakazi kumi wa jimbo, walikuwa asilimia 45 ya wale wa kosa la tatu.

Mahali mtu alipokamatwa nako kulikuwa na uzito wake. Baadhi ya wilaya, kama Kern, zilitumia sheria hiyo kwa bidii kubwa. San Francisco iliitumia kwa nadra. Sheria ilikuwa moja, lakini ofisi ya mwendesha mashitaka ndiyo iliyoamua kama makosa ya zamani yatatajwa mahakamani au yatafumbiwa macho. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya California ilitoa uamuzi katika shauri la Romero kwamba majaji nao wana uwezo wa kuyafuta makosa ya zamani kwa ajili ya haki. Afueni hiyo ilikuwa ya kweli, ila ilitegemea mtu amefika mbele ya nani.

Mashauri mawili yalifika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa siku moja, Machi 5, 2003. Inafaa kuyatazama kwa utulivu, maana ndiyo yaliyoonyesha sheria ile ilikuwa kitu gani.

La kwanza ni la Gary Ewing. Mwaka 2000 aliingia katika duka la uwanja wa gofu mjini El Segundo, karibu na Los Angeles, akatoka na fimbo tatu za mchezo huo ndani ya mguu wa suruali. Kila moja iliuzwa dola 399. Mfanyakazi wa duka alimshuku alipoona anachechemea, akaita polisi. Ewing hakuwa mtu msafi. Alikuwa na makosa mengi, na mwaka 1993 aliwavamia watu katika majengo ya makazi na kumpora mmoja wao kwa kutumia kisu. Alipewa miaka 25 hadi maisha.

La pili ni la Leandro Andrade. Novemba 1995 alikamatwa akitoka katika duka kubwa na kanda tano za video za dola 84.70. Siku 14 baadaye alikamatwa katika duka jingine na kanda nne za dola 68.84. Makosa yake ya zamani yaliyohesabiwa yalikuwa ya kuvunja nyumba; hakuna aliyejeruhiwa. Kwa kuwa wizi wa madukani ulikuwa mara mbili, kila mmoja ulilipiwa miaka 25, navyo vifungo vikaunganishwa kimoja baada ya kingine. Jumla miaka 50 hadi maisha, kwa mali ya dola 153.54. Alikuwa na umri wa miaka 37 na asingeweza kuomba kutoka kabla ya kukaribia miaka 90.

Katiba ya Marekani hukataza adhabu za kikatili na zisizo za kawaida. Mahakama iliulizwa kama adhabu hizi mbili ni za namna hiyo. Kwa majaji watano dhidi ya wanne ilijibu hapana katika yote mawili. Jaji Sandra Day O'Connor aliandika katika shauri la Ewing kwamba bunge la jimbo lina haki ya kuamua kwamba wanaorudia uhalifu watengwe na jamii, na kwamba kazi ya kuipima busara ya sera hiyo si ya mahakama. Katika shauri la Andrade, Jaji David Souter, aliyekuwa upande ulioshindwa, alisema kwa maneno makali kwamba ikiwa adhabu hii haijapita kiasi, basi kanuni ya kutaka adhabu ilingane na kosa haina maana tena.

Baada ya siku hiyo ilijulikana kwamba mahakama hazitaitengeneza sheria ile. Bunge nalo lilikuwa limefungwa mikono: kuibadilisha kulihitaji theluthi mbili ya kura za mabaraza yote mawili. Zikabaki kura za wananchi wenyewe.

Je, sheria ilipunguza uhalifu? Swali hili hujibiwa haraka mno na pande zote mbili. Ni kweli kwamba uhalifu wa kutumia nguvu ulishuka sana California katika miaka iliyofuata 1994. Ni kweli vile vile kwamba ulifika kilele mwaka 1992 na ulikuwa umeanza kushuka kabla sheria haijasainiwa, na kwamba ulishuka kwa kishindo katika New York, ambako miaka hiyo haikupitishwa sheria ya namna ya California.

Taasisi ya utafiti ya RAND ilikadiria mwaka 1994 kwamba sheria ikitekelezwa kikamilifu ingepunguza makosa mazito kwa asilimia 22 hadi 34, kwa gharama ya ziada ya dola bilioni 4.5 hadi 6.5 kila mwaka. Hayo yalikuwa makadirio ya kabla. Waliopima baadaye walitofautiana. Mtaalamu wa sheria Franklin Zimring na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 2001, waliona athari ndogo mno. Wachumi Eric Helland na Alexander Tabarrok waliandika mwaka 2007 kwamba wenye makosa mawili walikamatwa kwa makosa makubwa pungufu kwa asilimia 17 hadi 20, yaani hofu ya kosa la tatu ilifanya kazi. Lakini walisema pia kwamba fedha zile zile zingefaa zaidi zikitumiwa kuongeza polisi.

Wengine waliingiwa na wasiwasi wa aina tofauti. Thomas Marvell na Carlisle Moody walieleza mwaka 2001 kwamba katika majimbo yenye sheria hizi mauaji yaliongezeka, kwa kuwa mhalifu anayejua kwamba unyang'anyi wake utamfunga maisha hana cha kupoteza akimuua shahidi. Matokeo yao yamebishaniwa, lakini hoja yenyewe inastahili kufikiriwa na kila bunge linalotaka kuweka adhabu moja kwa makosa yasiyolingana.

Wakati wasomi wakibishana, magereza yalifurika. Yalikuwa yamejengwa kwa ajili ya watu wapatao 80,000, na mwaka 2006 yalikuwa na zaidi ya 170,000. Si wote waliletwa na Sheria ya Makosa Matatu, maana California ilikuwa na sheria nyingine nyingi za kurefusha vifungo, lakini wafungwa wa miaka 25 hawatoki upesi, na kila mwaka huongezeka wengine juu yao. Vitanda vya ngazi tatu viliwekwa katika kumbi za mazoezi. Wafungwa walikufa kwa maradhi yanayotibika.

Mei 23, 2011, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali, tena kwa majaji watano dhidi ya wanne, amri ya kuitaka California ipunguze wafungwa hadi asilimia 137.5 ya uwezo wa majengo. Jaji Anthony Kennedy alitaja mahali ambapo wafungwa 54 walitumia choo kimoja, na ushahidi kwamba katikati ya muongo ule mfungwa mmoja alikufa bila sababu ya lazima kila baada ya siku sita au saba. Huyu ni jaji yule yule aliyekuwa upande wa wengi walioridhia kifungo cha Ewing. Miaka minane kabla alikuwa amepima adhabu ya mtu mmoja. Sasa alipewa kupima wote kwa pamoja.

Jaribio la kwanza la kurekebisha sheria kwa kura lilikuwa Pendekezo Namba 66 la mwaka 2004. Lilitaka kosa la tatu liwe zito au la kutumia nguvu. Kura za maoni zilionyesha linaongoza kwa mbali hadi wiki chache kabla ya uchaguzi, ndipo Gavana Arnold Schwarzenegger alipoingia uwanjani na matangazo ya televisheni akisema maelfu ya wahalifu hatari wataachiwa. Liliangushwa.

La pili lilifaulu. Pendekezo Namba 36 la Novemba 2012 lilipata takriban asilimia 69, karibu sawa na zilizoipitisha sheria yenyewe miaka 18 nyuma. Liliandaliwa kwa tahadhari zaidi: waliowahi kutiwa hatiani kwa mauaji, ubakaji au kuwadhulumu watoto kingono hawakunufaika hata kama kosa lao la tatu lilikuwa dogo. Miongoni mwa waliolipigia debe alikuwa Bw. Steve Cooley, mwendesha mashitaka mkuu wa Wilaya ya Los Angeles na mwanachama wa chama cha Republican, ambaye ofisi yake ilikwisha kujiwekea mwongozo wa kutoitumia sheria ile kwa wezi wadogo. Bw. Reynolds alilipinga.

Wafungwa wapatao 3,000 walipata haki ya kurudi mahakamani kuomba adhabu mpya, na jaji aliruhusiwa kukataa iwapo aliona mwombaji bado ni hatari kwa umma. Ripoti iliyotolewa Septemba 2013 na wanasheria wa Chuo Kikuu cha Stanford waliosimamia kesi nyingi kati ya hizo ilisema zaidi ya 1,000 walikuwa wametoka, na chini ya asilimia mbili yao walikuwa wameshitakiwa kwa makosa mapya. Kipindi kilikuwa kifupi, na hilo lazima likumbukwe, lakini wengi wao walikuwa watu wazima waliokaribia uzee, na umri ambao mtu huelekea kuachana na uhalifu ndio huo.

Baadaye mwelekeo uligeuka mara mbili. Pendekezo Namba 47 la 2014 liliufanya wizi wa mali isiyozidi dola 950 kuwa kosa dogo kwa watu wengi, na Namba 57 la 2016 likafungua njia kwa waliofungwa kwa makosa yasiyo ya kutumia nguvu kufikiriwa mapema na bodi ya parole. Kisha Novemba 2024, wananchi wakiwa wamechoshwa na wizi wa madukani na vifo vya dawa ya fentanili, walipitisha kwa takriban asilimia 68 pendekezo jingine ambalo, kwa sadfa ya kuchanganya kumbukumbu, nalo liliitwa Namba 36. Sasa mwenye hatia mbili za wizi akiiba tena anaweza kushitakiwa kwa kosa kubwa, hata kama alichochukua kina thamani ndogo. Gavana Gavin Newsom alilipinga bila mafanikio.

Haya mawili yasichanganywe. Namba 36 ya 2024 haikufuta Namba 36 ya 2012. Mwizi wa kanda za video, kama bado wapo wanaoziiba, harudi kwenye miaka 25 hadi maisha. Anarudi kwenye gereza la kawaida kwa kifungo cha kawaida.

Kuhusu wale ambao majina yao yaliibeba sheria hii: Richard Allen Davis bado yuko gerezani akisubiri adhabu ya kifo, ambayo utekelezaji wake umesimamishwa California tangu 2019. Mei 2024 jaji alilikataa ombi la mawakili wake la kutaka hukumu yake ifunguliwe upya. Mwaka 2020 dada wawili wa Polly waliandika katika gazeti la Los Angeles Times kwamba hawataki jina lake liendelee kutumiwa kutetea sheria zisizo za haki.

Sehemu moja ya sheria ya 1994 haikuguswa na marekebisho ya 2012, nayo ndiyo inayowahusu watu wengi zaidi. Mwenye kosa moja la zamani, zito au la kutumia nguvu, akitiwa hatiani leo kwa kosa kubwa lolote la jinai, liwe la nguvu au lisiwe, sheria bado inataka adhabu yake izidishwe mara mbili, isipokuwa jaji aamue kulifuta kosa lile la zamani.